Harufu mbaya kinywani: Je, miraa ndiyo ya kulaumiwa?

KUNUKA kinywa ni tatizo lenye aibu ya pekee kwa sababu mwenye nalo huwa wa mwisho kulijua. Pua ya binadamu huzoea upesi harufu inayokaa nayo kwa muda mrefu. Mtu anaweza hivyo kuishi miaka mingi akidhani kwamba abiria wa kando yake kwenye matatu hugeukia dirishani kwa kupenda kutazama mashamba ya majani chai.

Katika maeneo ya Meru na Embu, tatizo hili lina mshtakiwa wake wa siku zote. Mke akimlalamikia mumewe, au kijana akiona wenzake wanasogea nyuma kila anapofungua kinywa, kidole huelekezwa kwa miraa. Kwa wakazi wa upande wa Mbeere, kidole hicho huelekezwa kwa muguka, ambayo ni aina ya mmea huo huo, ila hutafunwa majani yake machanga badala ya maganda ya vijiti.

Shutuma hiyo si jambo dogo. Miraa ndiyo iliyosomesha watoto na kujenga nyumba katika tarafa za Igembe na Tigania, kwenye milima ya Nyambene, na muguka umefanya vivyo hivyo katika nchi kavu ya Mbeere. Wakulima wamekwisha kupata mapigo ya kutosha. Uholanzi ilipiga marufuku zao hilo mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza amri dhidi ya muguka, hatua iliyozua mvutano mkubwa na viongozi wa Embu. Katika hali hiyo, kila ubaya unaohusishwa na mmea huu huchukuliwa upande mmoja kuwa ushahidi na upande wa pili kuwa matusi. Ukweli kuhusu harufu ya kinywa hauegemei upande wowote kati ya hizo mbili.

Harufu hutoka wapi

Wataalamu wa meno wanakubaliana kwamba visa vinane hadi tisa kati ya kila kumi vya kunuka kinywa hutokana na kinywa chenyewe. Ndani ya kinywa cha kila mtu, msafi na asiye msafi, huishi mamia ya aina za bakteria. Baadhi yao hawapendi hewa. Hao hujificha mahali ambapo hewa haifiki: nyuma ya ulimi, katikati ya meno, chini ya fizi na ndani ya mashimo ya meno yaliyooza.

Chakula cha bakteria hao ni protini. Hupata protini hiyo kutoka kwa mabaki ya nyama, maziwa na maharagwe, na pia kutoka kwa damu ya fizi na chembe za ngozi laini ya kinywa zinazobambuka zenyewe kila siku. Wanapoimeng'enya hutoa gesi zenye salfa. Mojawapo ni ile inayonuka kama yai viza, nyingine inakaribia harufu ya kabeji iliyooza. Ndiyo maana mtu aliyeshinda na njaa kutwa nzima anaweza kunuka kinywa kuliko aliyekula: bakteria hawakosi riziki hata mwenye kinywa asipotia kitu tumboni.

Dhidi ya jeshi hilo, mwili una askari mmoja tu wa kutegemewa, nayo ni mate. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja unusu ya mate kwa siku. Mate husukuma mabaki ya chakula, hupunguza ukali wa asidi, na huleta hewa ya oksijeni ambayo bakteria wa harufu hawaipendi. Usiku tezi za mate hulala pamoja na mwenyewe, na kinywa hukauka. Harufu ya alfajiri inayompata kila mtu, awe mkulima wa Runyenjes au karani wa mjini Meru, haina sababu nyingine ila hiyo, na huisha baada ya kupiga mswaki na kunywa kitu. Isiyoisha ndiyo ya kushughulikiwa.

Hatia ya miraa

Kutoka hapa kesi ya miraa inaweza kusikizwa kwa haki. Majani na maganda yake yana kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huchangamsha ubongo na kumwondolea mtumiaji usingizi na njaa. Kemikali hiyo hiyo hukausha mate. Mtafunaji wa saa nne au tano, donge likiwa limebanwa shavuni, hukaa muda wote huo na kinywa ambacho askari wake ameondolewa zamu. Hilo ni kosa la miraa yenyewe na haliwezi kukanushwa.

Lakini makosa mengine yanayotajwa ni ya vitu vinavyoandamana nayo. Ladha ya miraa ni chungu, na ya muguka zaidi. Ili kuupoza uchungu huo, watafunaji hutumia chingamu yenye sukari, peremende, njugu karanga na soda chupa baada ya chupa. Sukari hiyo inaoshwa na nini, wakati mate yamekauka? Hubaki juu ya meno, ikageuzwa asidi, na asidi ikatoboa meno. Wengi huvuta sigara papo hapo, na sigara ina harufu yake yenyewe, hukausha kinywa kwa mara ya pili na huharibu fizi kimyakimya kwa kuwa hupunguza damu inayofika humo. Mvutaji anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa wa fizi bila kuona tone la damu kwenye mswaki.

Kisha kuna suala la saa. Kikao cha miraa aghalabu huanza alasiri na kumalizika usiku wa manane. Anayerudi nyumbani wakati huo hupitia kitandani moja kwa moja, vipande vya majani vikiwa bado katikati ya meno, usingizi ukiwa haba na kinywa kikiwa kikavu hadi asubuhi. Lau angepiga mswaki kabla ya kulala, nusu ya malalamiko ya mkewe yangekwisha.

Kwamba mmea na mazoea yanayouzunguka ni vitu viwili tofauti si hoja ya wakulima peke yao. Mwaka 1990, jarida la tiba la East African Medical Journal lilichapisha utafiti wa Jorgensen na Jacob Kaimenyi kuhusu hali ya fizi na usafi wa kinywa miongoni mwa watafunaji wa miraa. Kaimenyi, mzaliwa wa Meru, alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya fizi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakenya wengi walikuja kumfahamu baadaye, alipoteuliwa Waziri wa Elimu mwaka 2013. Matokeo ya utafiti huo hayakuunga mkono imani kwamba utafunaji wa miraa wenyewe ndio uletao ugonjwa wa fizi. Tafiti nyingine, hasa za Yemen ambako mmea huo hutafunwa na watu wa tabaka zote, zimeona fizi zilizonywea na kuachana na meno upande ule unaowekwa donge. Wataalamu hawajamaliza kubishana. Wasichobishania ni ukavu wa kinywa, sukari na sigara.

Fizi zinazovuja damu

Anayeilaumu miraa peke yake ana swali la kujibu: mbona wanawake wazee wa Imenti ambao hawajawahi kuonja hata kijiti kimoja nao hupatwa na harufu hiyo? Jibu liko kwenye fizi.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 uligundua kwamba karibu watu wazima wote waliopimwa, asilimia 98, walikuwa na fizi zenye kuvuja damu. Takwimu hiyo inashtua, na inaeleza mengi. Ukoga usipoondolewa kwa siku chache huanza kuigeuza fizi kuwa nyekundu na laini. Ukiachwa zaidi hupata madini kutoka kwa mate, ukawa mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauuwezi tena. Fizi hujitenga na jino na kuacha kijifuko. Ndani ya kijifuko hicho hamna hewa, mna damu na usaha, na bakteria wa harufu hawahitaji makao bora zaidi. Mwishowe jino hulegea na kung'oka, likiwa zima bila tundu lolote.

Kosa linalofanywa na watu wengi wakiona damu ni kuacha kupiga mswaki mahali hapo, wakidhani kwamba mswaki ndio unaoumiza. Kinachotakiwa ni kinyume chake: mahali panapovuja damu ndipo panapohitaji kusuguliwa, kwa upole na kwa mswaki laini, kila siku. Damu ikiendelea kutoka baada ya wiki mbili, huenda kuna ukoga mgumu chini ya fizi, na huo hukwanguliwa na daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa kwa vyombo maalumu. Wajawazito wanafaa kujua kwamba homoni za mimba hufanya fizi zivimbe kwa urahisi zaidi, na kwamba kusafishwa meno wakati wa ujauzito hakuna madhara.

Kinyume cha wanavyodhani wengi, rangi ya meno haina uhusiano wowote na harufu. Madoa ya kahawia yatokanayo na wingi wa floraidi katika maji, ambayo huonekana katika sehemu nyingi za Kenya, hayanuki. Kuna watu wenye meno meupe kama maziwa ambao nyuma ya ulimi wao kumefunikwa na utando mnene.

Tumbo lasingiziwa

Dhana nyingine iliyoenea vijijini ni kwamba harufu hupanda kutoka tumboni. Kwa sababu hiyo watu hununua dawa za minyoo, hunywa mitishamba ya kuharisha, au hujinyima vyakula fulani. Kwa kawaida mrija wa chakula huwa umefungwa, na hewa ya tumbo haitoki ila mtu anapocheua. Wenye kiungulia cha mara kwa mara wanaweza kupata harufu ya uchachu, lakini hao ni wachache. Dawa za minyoo zina kazi yake. Kazi hiyo si kusafisha ulimi.

Vitunguu ni habari tofauti. Kitunguu saumu kikishamezwa, kemikali zake huingia katika damu, hufika mapafuni na kutoka na pumzi. Ndiyo maana mtu hunuka kitunguu saumu saa nyingi baadaye hata akipiga mswaki mara tatu. Pombe, za kiwandani na za kienyeji, hukausha kinywa. Kahawa hufanya hivyo pia kwa kiasi, na chai ya maziwa yenye sukari, ambayo katika miji ya mlima huo hunywewa tangu asubuhi hadi jioni, huwaachia bakteria protini na sukari kwa pamoja. Maembe ya Mbeere, kwa utamu wake wote, huacha nyuzi katikati ya meno ambazo mswaki hauzifikii. Si sababu ya kuacha embe, bali ya kununua uzi wa meno.

Baadhi ya dawa za hospitali hupunguza mate vilevile: dawa za mzio na mafua, za mfadhaiko wa akili, na baadhi ya zile za shinikizo la damu. Mgonjwa asiziache kwa hiari yake. Amweleze daktari, kwa kuwa mara nyingi kuna dawa mbadala.

Namna ya kuiepuka

Kinga huanza na mswaki mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili kila mara, na dawa ya meno yenye floraidi. Ikiwa mtu atapiga mara moja tu, basi iwe usiku. Hapa desturi imekaa kichwa chini: wengi husafisha kinywa asubuhi ili wapendeze mbele za watu, na kulala na mabaki ya mukimo na nyama kinywani, saa zile ambazo mate hayapo ya kuyaondoa. Mswaki ubadilishwe baada ya miezi mitatu hivi, au mapema nywele zake zikitawanyika.

Sehemu inayosahauliwa zaidi ni ulimi, hasa theluthi yake ya nyuma. Uso wa ulimi si tambarare. Una vinundu na nyufa nyingi kama zulia, na utando unaojikusanya humo ndio chanzo kikubwa cha harufu kwa watu wenye meno na fizi nzima. Utando huo hukwanguliwa kwa kifaa cha ulimi, au kwa ukingo wa kijiko cha chai kilicho safi, kutoka nyuma kuja mbele mara nne au tano. Kichefuchefu cha siku za kwanza hupungua mtu akitoa ulimi nje kadiri awezavyo na kupumua kwa pua.

Mswaki wa mti haustahili kudharauliwa. Mti ujulikanao kwa kitaalamu kama Salvadora persica humea katika nyika kavu za kaskazini mwa Kenya, na tangu 1986 Shirika la Afya Duniani limehimiza matumizi ya vijiti vya aina hiyo pale ambapo ni desturi ya watu. Kijiti husafisha vizuri upande wa mbele wa meno, lakini hakifiki kwa urahisi ndani na nyuma. Unga wa mkaa, uliotumiwa na wazee na sasa kurudi madukani kwa jina jipya, hukwaruza meno na hauui harufu.

Kwa mtafunaji wa miraa au muguka ambaye hana nia ya kuacha, madhara ya kinywa yanaweza kupunguzwa. Maji matupu yachukue nafasi ya soda, na yanywewe wakati wote wa kikao. Chingamu isiyo na sukari ichukue nafasi ya ile tamu. Husaidia pia kuyaita mate. Donge lisikae shavu moja miaka nenda miaka rudi. Sigara iachwe kabisa. Na kabla ya kulala, kinywa kisukutuliwe, uzi upitishwe, na mswaki upigwe, hata iwe ni saa nane za usiku.

Dawa za kusukutua zina historia ya kuchekesha. Listerine, iliyoundwa Marekani mwaka 1879, ilikuwa kwanza dawa ya kuua viini katika upasuaji. Katika miaka ya 1920 wenye kampuni hiyo walichukua neno la kitabibu lisilojulikana, halitosisi, wakalitangaza magazetini kama maradhi ya kutisha yanayowafanya wasichana wakose wachumba, na faida yao ikapanda ajabu. Hofu hiyo haijaondoka. Dawa hizi husaidia kwa saa chache, hasa zenye zinki au klorheksidini, ila hii ya pili hutia meno madoa ikitumiwa kwa muda mrefu, na zenye pombe nyingi huweza kukausha kinywa. Karafuu, iliki na mnanaa hufunika harufu kwa muda bila kuiondoa. Maji vuguvugu yenye chumvi ni ya bei nafuu, nayo hutuliza fizi zilizovimba.

Jinsi ya kujipima

Kupumulia kiganja na kukinusa hakuonyeshi mengi. Njia iliyo bora ni kulamba kifundo cha mkono, kungoja sekunde kumi kikauke, kisha kunusa; au kukwangua nyuma ya ulimi kwa kijiko na kunusa kilichotoka. Bora kuliko zote ni kumwuliza mtu wa kuaminika. Kwa mila za wengi mkoani humo, mtoto hawezi kumwambia babaye neno kama hilo, wala mkwe hawezi kumwambia mkwewe, kwa hiyo mzigo wa kusema ukweli huwaangukia mume na mke au marika. Wapo pia wanaoamini wananuka ilhali hawanuki, wakajitenga na watu kwa sababu hiyo. Hao wanahitaji kupimwa na kuhakikishiwa na mtaalamu. Kuongezewa peremende hakutawafaa.

Ikiwa meno, fizi na ulimi vimesafishwa kwa wiki kadhaa na harufu haijatoka, chanzo kitafutwe kwingine. Vijiwe vyeupe vinavyojikusanya katika tonsili hunuka vibaya mno, na kamasi la pua lililooza hushuka kooni. Kikohozi cha muda mrefu chenye makohozi yanayonuka kinataka uchunguzi wa mapafu. Pumzi yenye harufu ya mkojo huweza kuashiria figo zilizoshindwa kazi. Pumzi yenye harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, ikiambatana na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kutapika, ni dalili ya kisukari kilichopanda hadi kiwango cha hatari, na mgonjwa huyo anapaswa kufikishwa hospitalini siku hiyo hiyo. Wenye kisukari hupata ugonjwa wa fizi kwa wepesi zaidi, na fizi mbovu nazo hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti, kwa hivyo maradhi hayo mawili hutibiwa pamoja.

Huduma za meno zinapatikana katika hospitali kuu za rufaa za Meru na Embu. Wenye meno bandia wayavue kila usiku, wayasugue na kuyaweka katika maji safi. Na mtoto mdogo anayenuka ghafla, tena uchafu ukimtoka tundu moja tu la pua, apelekwe kwa daktari amulikwe humo puani, kwani huenda amejisukumia punje ya hindi au haragwe. Mzazi asijaribu kuichokoa kwa kijiti, isije ikasukumwa ndani zaidi.